Baba Mkwe na Shimo la Saba

Niliwaacha pabaya wiki iliyopita, najua. Mimi nimesimama katikati ya chumba cha hoteli na fimbo ya gofu mkononi, mke wangu kakaa sakafuni kashika mkono wake, anauma taulo ili asipige kelele majirani wakaja.

Mmeniandikia, na mmenitukana mkatosheka. Mmoja kaniita mnyama. Dada mmoja kasema nikikatiza mtaani kwake nitajua sijui. Jamani, ngojeni kwanza. Mimi ni mtu wa mikosi, si mtu wa ukatili.

Kwa aliyekuja leo: mimi ni fundi wa friji. Karakana yangu iliungua, gari likafuata, nikabaki sina mbele wala nyuma. Baba mkwe wangu, hakimu mstaafu, akatuonea huruma, akatualika mimi na binti yake kupumzika kwenye hoteli kubwa ya ufukweni. Hoteli yenyewe ina uwanja wa gofu kandokando ya bahari, na uwanja huo una sifa moja tu. Watu wazima hutoka pale wakilia.

"Nataka kucheza na mkwe wangu," mzee alisema kwenye simu. "Binti yangu ananiambia wewe ni mchezaji."

Mimi? Mchezaji? Gofu nilikuwa naiona kwenye televisheni za wateja nikisubiri friji lipoe! Lakini mke wangu ndiye aliyemdanganya baba yake zamani, wakati wa posa, ili nionekane mtu. Mke wangu akidanganya hudanganya kwa mapenzi, na hapo ndipo balaa langu lote lilipoanzia.

Basi nikawa najifunza chumbani kwa siri. Nazungusha fimbo mbele ya kioo. Yeye akatoka bafuni na taulo kichwani bila kubisha hodi, kwani nani hubisha hodi akitoka bafuni kwake? Fimbo ikampata juu ya kiwiko. Huo ndio ukatili wangu wote. Nililia kuliko yeye.

Sasa sikilizeni ya asubuhi yake.

Tulishuka kwenye chai. Mkono ulikuwa umevimba na kufanya weusi, na mikono ya blauzi yake haikufika hapo. Baba mkwe alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Kisu kikasimama.

"Mkono huo umefanya nini?"

Nikafungua mdomo niseme. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza.

"Nimejigonga mlangoni, baba."

"Mlangoni."

"Mlango wa bafu. Nilikuwa na haraka."

Mzee akaweka kisu chini taratibu. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. Na mimi, kwa uoga wangu, nikafanya kitu kibaya kuliko vyote ambavyo mtu angeweza kufanya mezani pale. Nikatabasamu.

"Milango ya siku hizi," nikasema, "haina adabu."

Hakucheka hata mtu mmoja.

Kule koridoni nikamshika mke wangu begani. "Kwa nini hukusema ukweli? Si ni ajali tu?"

"Nimwambie nini, kwamba mume wangu anajifunza gofu chumbani? Atajua tulimdanganya."

"Bora angejua! Umeona alivyonitazama?"

Akataka kunijibu. Nikamwona uso unabadilika rangi polepole.

"Nimesema mlango," akasema. "Mume wangu, nimesema nini pale? Nimesema mlango?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Mungu wangu. Leo usiende. Sema unaumwa tumbo. Tapika, fanya chochote, ila usi—"

"Mkwe!"

Mzee alikuwa amesimama mwisho wa koridoni, viatu vya gofu miguuni, kofia kichwani.

"Twende. Upepo ni mzuri."

"Na mimi nakuja, baba," mke wangu akasema.

"Wewe kapumzishe mkono."

Alisema kwa upole, lakini ulikuwa upole wa watu waliozoea kusema neno moja na askari akamchukua mtu. Mke wangu aliganda pale pale. Mimi nikafuata. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi siku hiyo nilisikia la mkuu, tena kwa adabu zote, na bado guu lilinusurika kwa bahati tu.

Begi letu la fimbo lilibebwa na mama mmoja mfanyakazi wa uwanja, mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kuchoma. Nilipopiga mpira wa kwanza ukaruka pembeni na kupotelea kichakani, akanitazama mikono.

"Kaka, hiyo fimbo umeishika kama bisibisi."

"Ndiyo kazi yangu," nikamjibu kwa sauti ya chini.

Nilidhani baba mkwe atacheka, au atanisuta. Hakufanya hata kimoja. Nikipiga kwenye mchanga, kimya. Nikipiga nyasi badala ya mpira, kimya. Yeye alipiga mipira yake ikanyooka, akatembea mbele mikono nyuma. Mzee wa umri ule, mgongo umesimama kama nguzo! Kadiri alivyonyamaza ndivyo jasho jembamba lilivyonitoka. Mtu akikutukana unajua umesimama wapi naye. Huyu alikuwa ananisoma tu.

Tulipofika shimo la tano akaanza kuongea.

"Binti yangu amewahi kukusimulia habari za mume wake wa kwanza?"

Ni kweli nilimwoa akiwa ameachika. Nilijua tu kwamba mwenzangu huyo alikuwa mhasibu, na kwamba siku moja alimwacha mke wangu akaenda zake. Katika nyumba ile jina lake halitajwi. Picha zake zote zilichomwa, na mimi sikuuliza, kwani nani anataka kuulizia mume wa kwanza?

"Aliniambia kwamba aliondoka, baba."

"Ndiyo," mzee akasema. "Aliondoka."

Akapiga mpira wake, akaufuata.

Nilitaka kugeuka nikimbie. Nasema wazi, sioni haya. Lakini ukimbie wapi? Umwambie mkeo nini? Kwamba baba yako aliniuliza swali nikatimua mbio na viatu vya kukodi? Nikajipa moyo. Nikajiambia, huyu ni mzee, mpole, ametulipia vyumba, atanifanya nini mbele ya watu?

Shimo la saba halina watu.

Unapigia mpira juu ya mwamba. Kibendera cha kuonyesha shimo kipo juu ya mwamba mwingine, ng'ambo. Katikati hakuna nyasi, hakuna mchanga, kuna bahari imeingia ndani inagonga mawe huku na huku, na kelele zake huwezi kumsikia mtu aliye mbali nawe kidogo. Kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba kuelekea chini, na mnyororo wa kushika.

"Kofia yangu nimeisahau," mzee akamwambia yule mama. "Rudi ukaniletee."

Mama akaangalia kichwani kwake.

"Mheshimiwa, kofia si hiyo uliyovaa?"

"Nyingine."

Mama akatua begi. Alinitazama mimi, akatazama maji, akanitazama tena.

"Kaka," akasema, "bahari inapanda."

Akaondoka. Nilimtazama mgongo wake mpaka ulipopotea, nikiomba ageuke. Hakugeuka.

"Piga," mzee akasema.

Nikapiga. Sikuona hata mpira ukienda. Nilisikia tu ukigonga jiwe huko chini, mara moja, mara ya pili, kisha kimya. Mzee akasogea ukingoni, akachungulia.

"Una bahati. Haukuzama. Umelala juu ya jiwe bapa, pale chini."

"Basi nitachukua mwingine, baba."

"Kwa nini?"

"Si uko baharini?"

"Hauko baharini, uko juu ya jiwe. Mpira huchezwa ulipolala. Hiyo ndiyo sheria ya mchezo huu, na wewe ni mchezaji. Au siyo mchezaji?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo ningesema. Neno moja tu: sichezi. Mke wangu kakudanganya, baba, kwa mapenzi, tucheke turudi tukanywe chai. Lakini nikaona aibu. Ndiyo, aibu! Mtu yuko hatua chache kutoka kaburini anaona aibu ya mkwe!

"Mchezaji, baba," nikasema.

"Basi shuka."

Nikashuka na fimbo yangu. Ngazi za juu zilikuwa kavu, za chini zina utelezi wa kijani. Nilikuwa nashika mnyororo kwa mkono mmoja, huku nasoma dua zote nilizofundishwa utotoni na nyingine nazitunga papo hapo. Mnyororo ukaishia. Jiwe bapa lilikuwa chini yake kidogo. Nikaruka, nikatua, nikashukuru.

Mpira ulikuwepo kweli. Mweupe, umetulia kwenye kishimo cha jiwe.

Wimbi likaja likafunika jiwe lote, likanifika magotini. Lilipoondoka, liliondoka na mpira, na fimbo yangu, na kiatu kimoja cha kukodi. Kilichobaki kilikuwa mimi.

"Baba!" nikapiga kelele. "Mpira umeenda! Napanda!"

Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, juu yangu, mkono wa kushoto umeshika mnyororo barabara. Mkono wa kulia ulininyooshea fimbo yake.

"Shika," akasema.

Nikashika ncha kwa mikono miwili. Loo, nilimshukuru! Nikaegemeza mguu kwenye mwamba nipande, mguu ukateleza, nikabaki nimening'inia kwenye fimbo ya baba mkwe, tumbo limebanwa na jiwe, maji yananivuta miguu.

"Nivute, baba!"

Hakuvuta. Hakuachia pia.

"Sasa tuongee," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mkono wa binti yangu umefanya nini?"

Jamani! Baba na binti yake walishanifunga kamba kila upande. Nikisema nimempiga mimi, nimekiri. Nikisema mlango, nitakuwa nimelinda neno la mke wangu. Na mwanaume analinda neno la mke wake, au sivyo? Nikachagua.

"Mlango, baba! Alijigonga mlangoni!"

Fimbo ikashuka. Kidogo tu, kwa kipimo cha kidole. Lakini kila mfupa wangu ulisikia.

"Nimekaa kwenye kiti cha hakimu mpaka nywele zikaisha," akasema, taratibu, kama vile tuko sebuleni. "Wanawake wangapi wamesimama mbele yangu na mlango. Mlango wa jiko, mlango wa kabati. Sikuwahi kuona mlango ukiletwa kizimbani. Halafu binti yangu mwenyewe akaolewa na mhasibu, kijana msafi, ananukia vizuri, na binti yangu akaanza kujigonga milangoni."

Wimbi likaja. Likanifika kiunoni, likanimwagia chumvi mdomoni.

"Baba, mimi siye huyo! Mimi fundi!"

"Nilimleta hapa. Alikuwa mchezaji mzuri, bora kuliko wewe. Mpira wake ulilala hapo hapo ulipolala wako. Akashuka. Nikamnyooshea fimbo, akashika hapo uliposhika. Nikamuuliza swali hilo hilo."

Sikutaka kujua. Wallahi sikutaka kujua. Lakini mdomo una mambo yake.

"Akajibu nini?"

"Mlango."

Bahari ikaendelea kugonga. Nilikuwa nimeanza kutokuhisi vidole. Nikamwangalia usoni nitafute wazimu, angalau nijue nashughulika na mgonjwa. Hakukuwa na wazimu wowote. Kulikuwa na baba wa mtu.

"Yeye aliondoka," akasema. "Kama ulivyoambiwa. Sasa nakuuliza wewe kwa mara ya mwisho, na usinitajie mbao."

"Mimi!" nikapiga yowe. "Mimi ndiye niliyemgonga! Na fimbo!"

Fimbo ikashuka tena.

"Fimbo gani?"

"Ya gofu! Sijui gofu, baba! Sijawahi kucheza, nilikuwa najifunza chumbani mbele ya kioo, akatoka bafuni sikumwona! Yeye alikudanganya kwamba nacheza ili unipende! Na leo kakudanganya mlango ili usijue alidanganya! Naapa kwa mama yangu! Muulize yule mama wa begi, si amesema nashika fimbo kama bisibisi? Si umeniona tangu shimo la kwanza? Mchezaji gani anapiga hivyo?"

Kwa mara ya kwanza siku ile uso wa mzee ulicheza. Kitu kilipita pale, sijui kama ni shaka au kicheko.

"Ni kweli," akasema polepole, "hujui kabisa."

"Sijui kabisa!"

"Lakini ndio mkono uvunjike vile? Kwa kujifunza?"

"Haujavunjika baba, umevimba! Nilimkanda mimi mwenyewe kwa barafu!"

"Hata yule alikuwa anamkanda," mzee akasema. "Kila mara. Alikuwa anamkanda vizuri sana."

Hapo nikaishiwa. Ukweli nilikuwa nao mmoja tu, na nilikuwa nimeshautoa wote. Nikaanza kulia, si kulia kwa kiume, kulia kwa kwikwi. Nikawa namwona mke wangu akiambiwa kwamba na mimi niliondoka. Nikawaza, atachoma picha zangu. Ataolewa na wa tatu.

Ndipo nikasikia miguu.

Miguu mitupu, inakimbia juu ya mwamba, halafu kwenye ngazi. Alikuwa mke wangu. Yule mama wa begi alikuwa amempata kwenye baraza ya hoteli, akamwambia neno moja tu, kwamba wapo shimo la saba wawili peke yao na bahari inapanda. Kaja bila viatu, blauzi imelowa jasho, mkono wake mweusi anaubana kifuani.

Roho ikarudi. Nilijua nimepona. Atapiga kelele, atasema baba unafanya nini, umerukwa na akili, mvute mume wangu! Ndivyo ambavyo mtu yeyote angesema. Mkeo akikukuta unaning'inia juu ya bahari kwenye fimbo ya baba yake, si lazima ashangae?

Hakushangaa.

Hakuuliza kuna nini. Hakuuliza nimefikaje pale chini. Alishuka ngazi za mwisho kwa uangalifu, akimshika baba yake bega, kama mtu anayejua ngazi ipi inateleza na ipi haitelezi. Akachuchumaa kando yake. Akaweka mkono wake mzima juu ya mkono wa mzee ulioshika fimbo.

Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Yeye hakujua kwamba nasikia.

"Huyu hapana, baba," akasema. "Huyu nampenda."

Na mzee, jamani, hakunivuta. Alifikiri kwanza.